Vigamba Vyenye Bega Lililolala

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanipa blanketi, kisha mkasema, "Shosho, tuandikie kazi ilikuwaje." Haya, nimeandika. Sitaandika mshahara ulikuwa kiasi gani wala nani alipandishwa cheo. Mengine mnayajua na mengine hayawahusu. Nitaandika kazi. Na kama Kiswahili changu kinachechemea, kiacheni kichechemee. Nilisoma mpaka darasa la nne huko Kianjai, Meru, na Kiswahili nilikipatia Timau, kwa kupigiwa kelele na masupavaisa.

Timau nilikuwa kwenye shamba la mboga, nikichambua mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayopelekwa ng'ambo kwa ndege. Meza ndefu ya chuma, chumba cha baridi, vidole vinakufa ganzi kabla ya chai ya saa nne. Mshiri ulionyooka unaingia boksi. Uliopinda ni rijekti. Wenye doa ni rijekti. Mnene kidogo kuliko wenzake, rijekti. Hakuna aliyekuuliza unaonaje. Mkono ulijua wenyewe, na kichwa kilikuwa huru kufikiria karo za watoto.

Lakini msidhani tulifundishwa kuchambua na Timau. Mama mkwe wangu aliniwekea uteo wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake, akakaa pembeni akijifanya anasuka kiondo. Alikuwa anahesabu mbovu nitakazoacha. Ile nzuri ni ya mbegu, ile ya kawaida ni ya sufuria, ile iliyojikunyata ni ya kuku. Mwanamke wa kwetu ambaye njahi iliyokunjamana imepatikana kwenye mbegu zake, watu wanajua mama yake alikuwa wa aina gani. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililokaribia kutufukuza kazi.

Daktari Gacheri alitukuta kwenye meza ya mishiri. Ni mtoto wa Kiirua. Alisoma mawe mpaka mawe yakaisha, akafanya kazi nchi za watu, kisha akarudi kufungua maabara ndogo ndani ya nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba yake, kando ya barabara ya Nanyuki. Watu wa sokoni walicheka. Matope ya bahari yaletwe Kiirua, kwa watu ambao bahari wameisikia kwenye redio? Yeye alisema hewa yetu ni kavu na baridi, lenzi haziingii ukungu kama Mombasa. Na alisema, "Nataka wanawake wa mishiri. Macho na mikono yao vimeshasoma." Akachukua watano. Mimi, Karwitha, Mama Kendi na wengine wawili ambao wameshahama, basi sitawataja, wasije wakanipigia simu.

Siku ya kwanza alitupa sahani yenye unga mweupe.

"Daktari, huu ni mchanga," nikamwambia.

"Weka jicho hapa kwanza."

Nikaweka jicho kwenye hadubini. Nikalitoa. Nikalirudisha. Kila chembe ilikuwa nyumba. Nyumba ya vyumba, chumba kidogo kimezaa kikubwa, kikubwa kimezaa kikubwa zaidi, vimezungukana kama konokono, na ukuta wote umetobolewa matundu kama kichungi cha chai. Karwitha alipoangalia alimsifu Mungu kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia. Mimi niliuliza tu, "Nani amevijenga?"

Daktari akatueleza. Ni viumbe vidogo vya bahari, jina lao refu ni foraminifera, sisi tulisema foramu. Hawa wetu hawakai chini, wanaelea juu juu majini. Kila mmoja anajijengea kigamba cha chokaa, chumba baada ya chumba. Akifa, kigamba kinazama mpaka sakafu ya bahari na kulala juu ya vya babu zake. Watu wa meli wanachimba hayo matope, yanakuja kwetu yakiwa kwenye mifuko. Tunayaosha juu ya chujio laini, tunakausha kwenye oveni, kinachobaki ni ule mchanga. Kazi yetu ni kuokota vigamba, kujua kila kimoja ni cha kabila gani, yaani aina gani, na kuvihesabu. Wenye elimu wanasoma kutoka hapo bahari ilikuwa na joto kiasi gani zamani. Na mvua inayonyesha Kianjai inatoka bahari hiyo. Kwa hiyo yule anayeniuliza hii kazi inatuhusu nini, aulize shamba lake.

Vifaa ni vichache, na ninyi vijana mnavitendea vibaya. Brashi ni ile ya nywele tatu nne. Inaloweshwa kwa maji, hailambwi. Nimewaona. Trei ni nyeusi, imechorwa miraba, ili kigamba cheupe kionekane. Slaidi ni ya karatasi ngumu, imepakwa gundi dhaifu, ina vyumba vyenye namba. Usipige chafya. Ukipiga chafya juu ya trei umepeperusha miaka elfu ya bahari, na haitarudi kwa sababu umesema pole. Na sasa nasikia mmeagiza kamera itakayochambua yenyewe. Iagizeni. Mtu atakaa mbele yake aiambie huyu ni nani na yule ni nani, na mtu huyo itabidi awe ameokota kwa mkono kwanza.

Majina ya Kilatini tulijifunza, lakini kila mmoja tulimpa jina la nyumbani. *Menardii*, aliye bapa, tulimwita Chapati. *Sacculifer*, ambaye chumba chake cha mwisho kinaning'inia kama mfuko, ni Kibeti. *Universa* ni Mpira. Na *ruber*, ambaye ukimtazama usoni unaona vyumba vitatu vya mviringo vimekaa pamoja, huyo tulimwita Mafiga, kwa sababu ni mafiga matatu ya jikoni kabisa. *Ruber* maana yake mwekundu. Wetu ni weupe. Nina jirani anaitwa Mwiru, yaani mweusi, na ni mweupe kuliko sisi wote. Jina ni jina.

Mafiga ndiye tuliyempenda. Alipatikana kwa wingi na alikuwa mzuri. Slaidi za Karwitha za Mafiga zilikuwa kama meno ya mtoto, kila kigamba kimelala upande mmoja, hakuna kilichovunjika. Wageni wakija, Daktari Gacheri aliwaonyesha slaidi za Karwitha.

Halafu siku moja Daktari aliingia bila kusalimia.

Wale waliokuwa wanatuletea kazi walikuwa wamefanya kitu cha busara. Walikuwa wamegawanya matope ya shimo moja, nusu wakatuletea sisi, nusu wakapeleka maabara nyingine. Majibu hayakufanana. Wenzetu walipata Mafiga, na pamoja naye walipata kwa wingi kabila lingine, *elongatus*. Sisi huyo *elongatus* tulikuwa naye mmoja hapa, mmoja pale. Kwa Karwitha hakuwepo hata mmoja. Matope ni yale yale. Basi maabara moja kati ya hizo mbili haifai, na wenye kazi walidhani wanaijua. Wakasema watatuma mtu wa kutukagua, na atakalosema ndilo watakalofuata. Akisema meza haifai, kazi inahamishwa.

Mtu huyo alikuwa Daktari Ireri, wa Embu, mwenye nywele za mvi na koti lililopungukiwa na kifungo. Alikuja amechelewa.

"Nimeambiwa meza ya Wameru ina hasira," akasema mlangoni.

"Hasira tunawawekea wageni wanaochelewa," nikamwambia. "Chai imepoa. Kwenu Embu kuna majani ya muguka ya kutafuna, chai ni huku."

Akacheka, akanywa chai ikiwa baridi, akaketi. Baada ya hapo hakucheka tena. Alipitia slaidi zetu zote, moja moja. Ndipo akauliza mabaki yako wapi, maana kwenye kazi hii hatutupi kitu; mchanga uliokwisha kuokotwa unawekwa kwenye chupa ndogo. Akamwaga chupa ya Karwitha kwenye trei, akatazama, akasukuma kiti nyuma.

"Njooni muone, mama zangu."

Walikuwa wamejaa. Wana vyumba vitatu kama Mafiga, lakini chumba cha mwisho kimebanwa, kimelala upande mmoja kama mtu aliyebeba debe la maji bega moja.

"Mama," akamuuliza Karwitha, "huyu ulimwacha kwa nini?"

"Huyo ni rijekti," Karwitha akasema.

"Nani alikwambia ni rijekti?"

"Si anaonekana, Daktari? Ameharibika."

Akamuuliza Mama Kendi. Rijekti. Akaniuliza mimi. Nikamwambia ukweli, rijekti. Wale wawili, vile vile. Wanawake watano, jibu moja, na hatukuwa tumewahi hata kulizungumza. Daktari Gacheri alishika kichwa. Alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza, "Okoteni wote." Na tulisikia. Lakini mwambie mwanamke wa kwetu aokote njahi zote kwenye uteo, uone kama atakuokotea zilizojikunyata. Zote maana yake zote zilizo nzuri. Hapo sikuona aibu na sioni leo. Mikono yetu ilikuwa imefanya kazi iliyofundishwa.

Daktari Ireri alitufundisha pale pale. Sitamnyima haki yake, alikuwa mwalimu. Alichukua brashi akamgeuza Mafiga mmoja, akatuonyesha. Vyumba vyake ni vya mviringo. Mlango wake, lile tundu kubwa, ni upinde mpana, umekaa sawasawa juu ya mshono wa vyumba viwili vya nyuma. Kisha akamgeuza yule mwingine. Chumba cha mwisho kimebonyea, kimeteleza upande, na mlango umekuwa mdogo, umebanwa chini. Akageuza mwingine, na mwingine. Wote walilala bega vile vile.

"Kilema hakifanani na kilema mwenzake," akasema. "Mmoja atavunjika huku, mwingine atadumaa kule. Hawa wamelala bega namna moja wote. Hawa si Mafiga walioharibika. Ni watu wengine."

Na alitueleza kwa nini kosa hilo linauma. Huyu aliyelala bega anaishi chini kidogo, penye maji ya baridi kuliko ya Mafiga. Ukiwaokota wazuri peke yao, ukiwapima, bahari inaonekana ilikuwa na joto kuliko ilivyokuwa. Tulikuwa tunaipasha bahari joto kutoka Kiirua.

Kufikia hapo nilikuwa namheshimu. Halafu akasema neno lake la mwisho. Meza inaweza kupona, akasema, wanne wafundishwe upya na matope yaokotwe tena. Lakini Karwitha hapana. Wengine angalau tulikuwa tumekosea tukachukua mmoja mmoja. Kwake hakuna hata mmoja. "Mkono wake umeshaiva," akasema. "Haukunjiki tena."

Karwitha alikuwa mjane. Timau walikuwa karibu kumwachisha kazi, vidole vilipoanza kuvimba kwa baridi, ndipo Daktari Gacheri akatuchukua. Shamba alilolima lilikuwa la shemeji, na shemeji alikuwa amemkumbusha hilo. Alichukua mto wa kiti chake, ule aliofuma mwenyewe, na kikombe chake, akavitia kwenye kiondo. Mwanamke wa umri wetu haombi. Anafunga vitu.

Nikasimama. "Daktari, hapana."

"Mama, hii si habari ya huruma."

"Nimesema huruma? Nimesema hapana. Sikiliza. Sisi wanne tuliwachukua wachache kwa kutoona vizuri. Yeye hakumchukua hata mmoja. Mtu anayekataa wote bila kukosea ni mtu anayewaona wote. Unataka kumfukuza mwenye macho ubaki na sisi?"

"Hiyo ni hoja," akasema. "Lakini hoja si ushahidi."

"Basi mpime. Na ukimtoa kabla ya kumpima, mimi pia natoka."

"Na mimi," akasema mmoja wa wale wawili. Mwenzake akaitikia. Mama Kendi alitazama sakafu, akasema yeye ana karo. Sikumlaumu. Lakini nilimtazama mpaka akaenda kuchemsha chai nyingine.

Daktari Gacheri akasema mpimaji na apime. Wakakubaliana Karwitha apewe muda wa kujifunza, kisha mchanga mmoja ugawanywe mara mbili. Daktari Ireri aokote nusu moja na Karwitha nusu nyingine. Wakifanana, anabaki.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa mbaya. Karwitha alijua sasa, alielewa kila alichoambiwa, na bado brashi ilimruka aliyelala bega ikaenda kwa Mafiga. Mara kwa mara. Akaweka brashi chini. "Mkono unakataa," akaniambia kwa Kimeru. "Naona, lakini unakataa."

Nikakumbuka kitu cha Timau. Rijekti zikijaa mapipa, tulikuwa tunarudi kuzichambua tena, kwa ajili ya mama wa sokoni aliyekuja kuzinunua. Siku hiyo tuliokota zilizopinda na kuacha zilizooza. Mkono wa Karwitha ulijua na hiyo kazi pia.

"Karwitha," nikamwambia, "leo ni zamu ya rijekti. Wazuri waache kwenye trei."

Alinitazama, akashika brashi, na mkono ukaenda. Wakatoka mmoja baada ya mwingine, kama mishiri iliyopinda.

Daktari Ireri hakupenda. "Huo si utaratibu. Ni mraba kwa mraba, unaokota kila kilicho ndani ya mraba mmoja, bila kuchagua, ndipo unahamia wa pili."

"Mraba utakuja," nikasema. "Kwanza mkono uzoee kwamba hata hao wanaingia boksi."

Ulikuja. Na yeye ndiye aliyeuleta, si mimi. Alikaa na Karwitha, akimwekea karatasi yenye dirisha juu ya trei ili aone mraba mmoja tu, akimgombeza akichungulia wa jirani. "Mama, huyo si wa leo." "Daktari, ananiita." "Mwache aite." Nilipita hapo nikawasikia wakigombana kama mtu na kaka yake, nikajua kazi inaendelea.

Siku ya kupimwa, mchanga ulipitishwa kwenye kisanduku cha kugawanya, kile chenye midomo miwili, kila chembe ikaanguka inakotaka. Daktari Ireri alichukua hadubini ya Karwitha, ile ya dirishani, kwa kuwa ilikuwa na lenzi nzuri. Karwitha akakaa kwenye hadubini yangu. Kiondo chake alikiweka mlangoni, kimefungwa. Sisi wengine tulijifanya tunaosha machujio. Mama Kendi aliosha chujio moja mpaka nikamwambia litatoboka.

Wakamaliza. Daktari Gacheri akahesabu slaidi zote mbili mwenyewe, akarudia. Chapati, sawa. Kibeti, karibu sawa. Mafiga na aliyelala bega, tofauti ndogo, ile ambayo hata mtu mmoja akihesabu mara mbili huipata.

"Hapa kuna mmoja," Daktari Ireri akasema, akiwa ameinamia slaidi ya Karwitha. "Huyu ni *ruber*. Umemweka kwa *elongatus*."

"Bega limelala," Karwitha akasema.

"Limeinama kidogo. Halijalala."

"Mgeuze."

Akamgeuza. Akamtazama sana, mpaka chai ikapoa tena.

"Mlango uko katikati," akasema.

"Umeanza kuondoka," Karwitha akasema.

"Umeanza, lakini haujaondoka."

"Mtu akishaanza kuondoka, Daktari, huyo ni wa kuondoka."

"Si lazima." Akanyoosha mgongo. Wote wawili walikuwa wamekunja uso na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Mwishowe Daktari Ireri akamchukua huyo kwa brashi, akamweka kwenye chumba cha peke yake, akaandika alama ya kuuliza. Yuko huko mpaka leo kwenye kabati ya kati. Vijana, msimhamishe. Nimemtazama mara nyingi na sijui.

Kisha Daktari Ireri akamgeukia Daktari Gacheri. "Nitawaambia wenye kazi meza ibaki kama ilivyo. Wote watano." Akarudi kuinamia hadubini, nadhani kumtafuta mwingine wa kubishania.

Karwitha alikwenda mlangoni, akafungua kiondo, akatoa kikombe, akatoa mto. Akaja akasimama nyuma ya yule mtu wa Embu, mto mkononi. Alingoja. Mtu hakutikisika.

"Daktari," akasema, "hicho ni kiti changu."

Akainuka. Karwitha akaweka mto, akakaa, akavuta trei karibu, akaanza na mraba wa kwanza.